Ardhi Kwanza, Matofali Baadaye

Mkulima anayetaka kujenga nyumba katika shamba la baba yake haulizi ardhi ni ya nani. Jambo hilo alilijua tangu utoto, siku alipoonyeshwa mpaka wa shamba na mti uliopandwa kuwa alama. Mjini mambo ni kinyume. Huko watu hubishana sana juu ya bei ya saruji, idadi ya ghorofa na rangi ya kuta, bali swali la ardhi huachwa mpaka mwisho, na pengine halitajwi kabisa. Ndipo baada ya miaka ishirini huonekana ya kuwa nyumba zilizojengwa kwa ajili ya wenye mapato madogo zinakaliwa na wenye mapato makubwa, wala hakuna ajuaye ziliwatoka wenyewe siku gani.

Mji wa Kisumu umefika katika njia panda ya namna hiyo. Mitaa ya zamani ya manispaa, kama Makasembo, Lumumba na Ondiek, ilijengwa juu ya ardhi ya umma. Huko Makasembo nyumba za zamani zilibomolewa ili kujenga majumba ya ghorofa, kwa mapatano ya Serikali ya Kaunti na LAPFUND, ule mfuko wa akiba ya uzeeni wa wafanyakazi wa serikali za mitaa. Serikali Kuu nayo ina mpango wake wa nyumba za bei nafuu, uliotiwa nguvu na Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024. Basi yafaa kila karani, kila mchuuzi, na kila mkulima mwenye mtoto anayefanya kazi mjini, aelewe jambo gani hasa litakaloamua kama nyumba hizo zitabaki za watu waliokusudiwa.

Namna Mji Ulivyogawanyika

Reli iliyotoka Mombasa ilifika ufuoni mwa Ziwa Victoria mwezi wa Desemba 1901, na mahali palipoitwa Port Florence ndipo ulipo mji wa Kisumu. Tangu hapo ardhi ya kando ya stesheni, gati na karakana ilishikwa na Reli na Serikali. Wafanyakazi Waafrika walipewa vyumba vya mtu mmoja mmoja, maana watawala wa siku zile walidhani ya kuwa mke na watoto watabaki mashambani, na mwanamume atarudi kwao kazi yake ikiisha.

Dhana hiyo ilianza kuvunjika katika miaka ya 1950. Mwaka 1953 iliundwa Bodi Kuu ya Nyumba, ambayo mwaka 1967 mahali pake palichukuliwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Mwaka 1954 kamati ya kuchunguza mishahara ya Waafrika, iliyoongozwa na Bwana F. W. Carpenter, ilisema ya kuwa mshahara wapaswa kumtosha mtu pamoja na jamaa yake, wala si yeye peke yake. Katika mwendo huo manispaa za Kenya zilijenga mitaa ya kupangisha kwa kodi ndogo, na Kisumu ilikuwa miongoni mwao.

Lakini watu waliongezeka kupita vyumba. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mpaka wa mji ulipanuliwa, ukavimeza vijiji vya kandokando, kama Manyatta na Nyalenda. Ardhi ya huko ilikuwa mali ya jamaa za wenyeji, na wengi wao wana hatimiliki. Wenyeji walijenga vyumba vya udongo na mabati wakavipangisha, na mfano wa mwezi mwandamo ukaizunguka sehemu ya mji iliyopangwa. Taarifa ya Shirika la Makazi la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2005 ilikadiria ya kuwa watu sita katika kila kumi wa Kisumu walikaa katika makazi ya namna hiyo.

Hapa ndipo palipo na fundo la habari yote. Katika ardhi ya mtu binafsi Serikali yaweza kuleta barabara, taa na maji, lakini ni vigumu kwake kusema chumba kipangishwe kwa shilingi ngapi. Barabara ikipita na taa zikawaka, kodi hupanda, na mpangaji maskini huhamia mahali pengine penye giza. Ni katika ardhi ya umma tu ndipo mji uwezapo kuweka masharti yake wenyewe na kuyalinda. Nayo ardhi hiyo ni kidogo: mitaa ya zamani ya manispaa, viwanja vya Reli, na vipande vilivyosalia huku na huku. Ardhi hii haizai nyingine. Ikitoka imetoka.

Njia Tatu za Kupoteza

Ardhi ya umma hupotea kwa njia tatu, na Kenya imezijua zote.

Njia ya kwanza ni kunyakuliwa. Tume iliyoongozwa na Bwana Paul Ndung'u ilikabidhi taarifa yake mwaka 2004, ikaeleza jinsi viwanja vya Serikali, nyumba za watumishi, ardhi ya Reli na hata misitu vilivyogawiwa watu binafsi kinyume cha sheria. Kisumu haikusalimika. Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi imepeleka mashauri kadhaa mahakamani ili kudai viwanja vya umma vya mji huo. Lakini shauri la ardhi huchukua miaka mingi, na katika miaka hiyo hakuna nyumba inayojengwa hapo.

Njia ya pili haina wizi ndani yake, kwa hiyo ni ngumu kuiona. Katika miaka ya 1970 Benki ya Dunia na Serikali ya Kenya walianza mpango wa kuwagawia watu wa mapato madogo viwanja vyenye maji na mifereji, kila mtu ajijengee pole pole kwa kadiri ya uwezo wake. Mpango mkubwa ulikuwa Dandora, Nairobi, wenye viwanja kama 6,000, ulioanza mwaka 1975. Mpango wa pili ulifika Kisumu, na mtaa wa Migosi ulipimwa kwa njia hiyo. Lilikuwa wazo jema, na watu wengi walipata makao. Ila mwenye kiwanja aliachwa na mzigo wa kujenga pamoja na uhuru wa kuuza. Alipougua, au alipopaswa kulipa karo, mnunuzi alikuwa mlangoni. Leo Migosi ni mtaa wa watu wa mapato ya kadiri, na Dandora imejaa majumba ya ghorofa ambayo wenyewe hawakai humo. Hapana aliyevunja sheria. Ardhi ilifuata fedha tu, kama maji yafuatavyo bonde.

Njia ya tatu ni kuwaondoa watu kabla ya kuwapangia. Tarehe 11 Januari 2021 Mahakama ya Juu ya Kenya ilitoa hukumu katika shauri la Chama cha Mitu-Bell, la watu wa kijiji cha Mitumba karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, ambao vibanda vyao vilibomolewa mwaka 2011. Mahakama ilisema ya kuwa watu wasio na ardhi waliokaa muda mrefu katika ardhi ya umma huweza kupata haki ya makao inayolindwa na Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2010, hata kama hawana haki ya kuimiliki ardhi yenyewe. Mwezi uliofuata, Februari 2021, matingatinga yaliingia Kibos, nje kidogo ya katikati ya mji wa Kisumu, yakabomoa nyumba za Wanubi katika ardhi iliyodaiwa na Reli. Maelfu ya watu walilala nje. Hukumu ilikuwa na umri wa majuma machache tu. Mwenye kusoma habari hizi mbili pamoja ataona ya kuwa haki iliyo katika kitabu haimsitiri mtu na mvua, isipokuwa iwe imekwisha kuingizwa katika mpango wa ardhi kabla ya siku ya matingatinga.

Mifano ya Majirani

Je, kuna mji wowote uliojaribu njia nyingine? Upo, na hauko mbali. Huko Voi, mji wa reli katika nchi ya Wataita, kuna kijiji kiitwacho Tanzania-Bondeni. Watu wake walijenga juu ya ardhi isiyo yao, nyingine ikiwa ya Reli na nyingine ya shamba la mkonge. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Wizara ya Serikali za Mitaa ikisaidiwa na Wajerumani, wenyeji walielezwa njia mbalimbali za kumiliki ardhi: hatimiliki ya kila mtu, chama cha ushirika, au ardhi ya wote chini ya wadhamini. Wakajadiliana, wakachagua njia ya tatu. Ardhi ikawa ya jamii nzima chini ya wadhamini, na kila mtu akawa na nyumba yake. Mwenye kuhama aliweza kuuza nyumba, yaani kazi ya mikono yake, bali ardhi iliyo chini yake haikuuzwa.

Mpango huo haukuwa mwepesi. Sheria za wakati ule hazikuwa na nafasi ya jambo la namna hii, kwa hiyo ilibidi waunde vyombo viwili, chama cha wakazi na baraza la wadhamini, na karatasi zilichukua muda mrefu. Haukuenea katika miji mingine kama ilivyotumainiwa. Hata hivyo ulionyesha jambo moja: watu wa kawaida, wakielezwa vizuri katika lugha yao, huweza kuchagua kuifunga ardhi isiuzwe, wakijua ya kuwa leo wanajinyima faida ili kesho wasikose makao.

Mfano wa pili watoka pwani ya Tanzania. Bandari ya Dar es Salaam ilipotaka kupanuka, watu wengi wa Kurasini walilazimika kuhama. Baadhi yao, wakiwa wanachama wa shirikisho la vikundi vya kuweka akiba, walinunua pamoja ekari 30 huko Chamazi na kuanza kujenga. Hawakungoja mpaka kila mtu awe na fedha za nyumba nzima. Nyumba ilichorwa ili ianze ndogo, kisha vyumba viongezwe mwenyewe akipata. Hilo ni fundisho jema. Lakini kuna fundisho la pili, nalo ni la uchungu: Chamazi ni mbali na bandari, na mtu aliyezoea kwenda kazini kwa miguu hulazimika kulipa nauli kila siku. Ardhi ya mbali huwa rahisi kwa mnunuzi wa siku moja, na ghali kwa mkazi wa kila siku. Kwa sababu hiyo viwanja vya umma vya Kisumu vilivyo karibu na soko la Kibuye, stesheni na bandari vina thamani kwa maskini kuliko kwa tajiri, maana tajiri ana gari.

Na asidhani mtu ya kuwa kuishika ardhi ni jambo la nchi maskini. Singapore ni mji wa bandari, na mwaka 1960, ulipounda bodi yake ya nyumba, watu wengi walikaa katika vibanda. Sasa watu kama wanane katika kila kumi wa huko wanakaa katika nyumba zilizojengwa na bodi hiyo. Mnunuzi hupewa haki ya miaka 99, kisha ardhi hurudi kwa Serikali.

Mambo ya Kupangwa Kabla ya Msingi

Kutokana na mifano hii yaonekana ya kuwa mpango mwema wa nyumba katika ardhi ya umma ya Kisumu hauna budi kutimiza mambo matano kabla ya jembe la kwanza kugusa udongo.

La kwanza ni kuwahesabu watu waliopo. Kila mpangaji wa mtaa wa zamani, pamoja na wale waliopanga chumba kutoka kwa mpangaji mwingine, aandikwe jina katika daftari, na daftari libandikwe mahali pa wazi ili kila mtu alisome na kulisahihisha. Ahadi ya kurudi katika nyumba mpya iwe ya maandishi, ikitaja kodi au bei. Ahadi ya mdomo katika baraza la hadhara hupeperuka pamoja na vumbi la mkutano.

La pili ni kuishika ardhi. Kaunti iendelee kuwa mwenye ardhi, na mkazi au chama cha wakazi kipewe mkataba wa miaka mingi. Wengine watauliza: mtu asiye na hatimiliki ya ardhi atakopaje benki? Jibu ni ya kuwa sheria za Kenya hukubali mkataba wa muda mrefu kuwekwa rehani, na Sheria ya mwaka 2020 ya umiliki wa sehemu za jengo humwezesha mwenye nyumba ya ghorofani kupata hati ya sehemu yake. Kukopa hakuhitaji kuuza udongo. Kuhusu kuuza nyumba, Sheria ya 2024 ilipopitishwa iliweka sharti ya kuwa mnunuzi asiuze bila idhini ya maandishi ya Bodi. Sharti hilo ni jema, lakini idhini bila kanuni ya bei haitoshi. Yapasa mkataba useme ya kuwa mwenye kuhama atarudishiwa alicholipa pamoja na thamani ya alichoongeza, na nyumba itapewa aliye mbele katika orodha ya wanaongoja.

La tatu ni kufanya hesabu kwa kipimo cha mfuko wa mkazi. Sheria ya 2024 humkata mfanyakazi asilimia 1.5 ya mshahara wake, na mwajiri naye huongeza kiasi hicho hicho. Karani apataye shilingi 30,000 kwa mwezi hukatwa shilingi 450. Sheria hiyo hiyo huwaweka wenye mapato chini ya shilingi 20,000 katika fungu la nyumba za jamii. Sasa tufanye mfano, si bei ya mtaa wowote: nyumba ya shilingi 1,500,000, mnunuzi akitoa asilimia 10 kwanza, na deni la shilingi 1,350,000 likalipwa kwa miaka 25. Riba ikiwa asilimia 9 kwa mwaka, malipo ni kama shilingi 11,300 kila mwezi. Riba ikiwa asilimia 6, ni kama shilingi 8,700. Kwa karani yule wa shilingi 30,000, riba ya kwanza inapita theluthi ya mshahara wake, na ya pili haifiki theluthi. Kwa mwanamke auzaye samaki sokoni Kibuye, ambaye mapato yake hupanda na kushuka pamoja na uvuvi, zote mbili ni nzito. Huyu anahitaji nyumba ya kupanga, wala si ya kununua.

Hapo pana jambo la nchi ya ziwa ambalo wapangaji wa miji wasiokuwa wenyeji husahau. Mtu wa Siaya au Homa Bay afanyaye kazi Kisumu ana nyumba yake kwao, ambayo Wajaluo huiita dala, na huko ndiko atakakozikwa. Fedha anazoweka akiba huzipeleka huko kwanza. Kumlazimisha anunue nyumba ya pili ghorofani ni kumtwika mizigo miwili. Mtu huyu anataka chumba safi, kodi ya haki, na hakika ya kutofukuzwa maadamu analipa. Basi katika kila mtaa mpya sehemu kubwa ya nyumba iwe ya kupangisha, nayo ibaki hivyo daima, chini ya Kaunti au ya chama cha wakazi. Mitaa ya zamani ya manispaa, pamoja na uchakavu wake wote, ilifanya kazi hiyo kwa muda wa miaka mingi.

La nne ni kuijua ardhi yenyewe. Ufuo wa Kisumu si ardhi ya kuchezewa. Ziwa lilipanda sana baada ya mvua kubwa za mwaka 1961 likafika kilele chake mwaka 1964. Mwaka 2020 lilipanda tena mpaka karibu na kimo kile, likafunika fukwe na mashamba ya kandokando. Sehemu za chini za Nyalenda hufurika, na mto Auji ukijaa hutoka katika njia yake. Mahali maji ya ardhini yalipo karibu, choo cha shimo hujaa mvua ikinyesha, na uchafu wake huingia visimani. Udongo mweusi wa mfinyanzi nao huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, hata kuta huachana na msingi. Kwa hiyo nyumba za bei nafuu zisisukumwe kwenye ukingo wa ziwa ati kwa sababu mwingine hapataki. Nyumba zijengwe katika ardhi iliyoinuka, na ukingo uachwe kwa mafunjo, wavuvi na maji. Mfereji wa maji machafu utangulie, kuta zifuate.

La tano ni matengenezo na hesabu. Ni kweli ya kuwa manispaa nyingi zilizijenga nyumba kisha zikazisahau: mabati yakavuja, vyoo vikaziba, na kodi ikapotea njiani. Wapo wanaotumia jambo hilo kuwa hoja ya kuuza kila kitu. Lakini usipoziba ufa utajenga ukuta. Kosa lilikuwa kutoziba ufa, wala halikuwa kumiliki nyumba. Sehemu fulani ya kodi ya kila mwezi iwekwe katika akaunti ya matengenezo isiyoguswa kwa kazi nyingine, na hesabu yake isomwe mbele ya wakazi mara mbili kwa mwaka. Kisumu ina mfano wa kujivunia katika jambo la maji: huko Nyalenda kampuni ya maji ya mji iliuza maji kwa jumla kwa vikundi vya wenyeji, navyo vikagawa mabomba, vikasoma mita na kukusanya malipo. Watu wanaoweza kusimamia bomba waweza kusimamia paa.

Wajibu wa Msomaji

Wengi hudhani ya kuwa mambo haya ni ya wahandisi na wanasiasa. Sivyo. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 huwataka watawala wawashirikishe wananchi katika mipango, na mikutano ya kusikiliza maoni hutangazwa. Mara nyingi viti vya mbele hujaa wapambe na madalali, na wale watakaohamishwa wako kazini. Basi yafaa wapangaji wa kila mtaa wachague wawili au watatu miongoni mwao, wawape ruhusa ya kusema kwa niaba ya wote, wachangiane hata malipo ya siku moja ya kazi watakayokosa, na wawapeleke na maswali yaliyoandikwa.

Maswali yenyewe si mengi. Baada ya nyumba kwisha, hati ya ardhi itakuwa na jina la nani? Katika nyumba mia, ngapi ni za kupangisha, na kodi yake itapandishwa kwa kanuni gani? Aliyekuwa akikaa hapa kabla ya kubomolewa atarudi katika nyumba gani, na kwa bei gani? Mtu akitaka kuuza, atamuuzia nani? Majibu yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano, na nakala moja ibaki kwa wakazi wenyewe.

Mkulima wa Kano au Alego asidhani ya kuwa jambo hili halimhusu. Mtoto wake akilipa nusu ya mshahara kwa chumba kinachovuja, hakuna kitakachorudi nyumbani cha kununulia mbolea wala cha kulipia karo ya wadogo zake. Kodi ya mjini hulipwa na shamba pia.

Nyumba ikiharibika yaweza kujengwa tena, na ghorofa ikipasuka fundi huitwa. Lakini kiwanja cha umma kilichokwisha kuandikwa jina la mtu mmoja hakirudi kwa urahisi, na watoto wa mji watakipita kila siku kama wageni. Kwa hiyo mji wa Kisumu na uamue kwanza juu ya ardhi, kwa maandishi na mbele ya watu wote. Matofali yatafuata kwa wakati wake.